Kilipogeuzia Kijiko: Maisha ya Yakobo Fransisko Mbena, Mpangaji wa Mitambo

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu, asalamu aleikum. Poleni kwa njia. Gari limewashusha pale panapoitwa Kilipogeuzia Kijiko, na kutoka pale mmembeba kaka yangu kwa mabega kilometa mbili na mia nne hadi hapa nyumbani. Jina la mahali pale lina habari yake, na marehemu mwenyewe aliagiza isemwe. Mimi ni Anastasia, mdogo wake.

Marehemu Yakobo Fransisko Mbena alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967, hapa kitongoji cha Mkumbulu, Mgeta, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Fransisko na Mama Agatha, ambao wote wametangulia mbele za haki. Tulizaliwa wawili tu. Mama alikuwa akisema Yakobo alichelewa kutembea kwa sababu mlima huu hauna mahali pa mtoto kujaribia miguu.

Alisoma shule ya msingi hapa Mgeta kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Baada ya miaka michache ya kulima kabichi na baba, mwaka 1985 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Morogoro, akasomea mitambo mizito. Katika barua yake ya kwanza kutoka chuoni aliandika salamu mistari miwili, kisha akachora buldoza ukurasa mzima. Mama hakujua kusoma, na aliitunza barua hiyo kuliko zote zilizofuata.

Mwaka 1988 aliajiriwa na kampuni ya kujenga barabara, kazi ya kupaka grisi. Baadaye akawa opareta wa buldoza, na mwaka 2001 akapewa kazi aliyoifanya hadi alipougua, yaani mpangaji wa mitambo. Wengi hapa kijijini tulidhani ni kazi ya kukaa kivulini na kalamu. Kumbe yeye ndiye aliyeamua mtambo gani uende wapi, lini, na ukae siku ngapi. Buldoza husafisha njia, kijiko, ule mtambo wa kuchimba, hukata mlima, tipa hubeba udongo, greda husawazisha, boza humwaga maji, rola hushindilia. Mmoja ukichelewa, yote iliyo nyuma yake inasimama. Alikuwa akisimama pembeni na saa yake. Kijiko kikijaza tipa kwa dakika nne, na tipa ikienda na kurudi kwa dakika ishirini, basi zinatakiwa tipa sita. Zikiwa tano, kijiko kinalala. Zikiwa saba, madereva wanalala. Ratiba zake alizichora kwenye karatasi za manila kwa penseli za rangi, kila mtambo na rangi yake.

Opareta wake wa siku nyingi, Abdi wa Turiani, ambaye ni mtani wetu, alisema jana hapa msibani, "Huyu bwana alitupangia hata dakika za kujisaidia. Leo tumempanga yeye, na bado amechelewesha msafara." Tulicheka wote. Kisha Abdi akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Tarehe 3 Oktoba 1998 alifunga ndoa takatifu na Magdalena, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lucy na Ezekiel. Siku ya harusi yake, wageni wakimngoja mezani, bwana harusi alipatikana jikoni na suti yake, akiwaonyesha akina mama kwamba wanaomenya viazi ni wengi na masufuria ni machache. Mama alimfukuza na mwiko. "Toka hapa, Yakobo. Hata maharage unayapangia zamu?" Chakula kilitoka kwa wakati, hilo nalo tulikubali.

Sasa nifike kwenye kijiko.

Mwaka 2017 kampuni yao ilipata kazi ya kukata barabara ya vijiji vya huku juu. Vipande vilikuwa tisa, na kijiko kilikuwa kimoja. Kipande chetu, kilometa tatu na nusu, Yakobo alikiweka cha mwisho, kuanzia tarehe 23 Oktoba. Aliogopa kunyooshewa kidole kwamba amepeleka mtambo kwao kwanza. Agosti, mama alishuka hadi saiti na kikapu cha njegere mgongoni, akamwambia, "Mwanangu, ukungu mwaka huu unakaa mpaka saa tano. Vuli haitangoja zamu yako. Tuleteeni hicho kijiko Septemba." Yakobo akamjibu kwa upole kwamba amepanga kwa takwimu za mvua za miaka kumi, na mvua kubwa si kabla ya katikati ya Novemba. Mama akamwachia njegere akaondoka. Takwimu zile zilikuwa za mjini, kule chini. Mtu aliyezaliwa hapa, aliyefundishwa na mama huyohuyo kusoma ukungu kabla ya kusoma herufi, alipanga mvua ya mlimani kwa karatasi ya bondeni. Hilo alilijutia maisha yake yote, na alisema hivyo mbele ya kila aliyemuuliza.

Mvua ilianza tarehe 19 Oktoba. Kijiko kilipanda siku iliyopangwa, kikakata kilometa moja na mia moja, na ukuta wa mlima ukaanza kuporomoka. Tarehe 30 Oktoba Yakobo aliamuru kigeuzwe kishuke. Abdi alikuwa ndani ya kijiko hicho. Kazi ilipofikia mwisho mitambo ilipelekwa upande wa Kisaki, na haikurudi.

Tarehe 9 Machi 2018, asubuhi, mama alianguka shambani. Wanaume wanane walimbeba kwa machela kwenye tope, nami nikitembea ubavuni nimemshika mkono. Gari lilikuwa likisubiri pale kijiko kilipogeuzia. Alikata roho kabla hatujalifikia. Siku ya mazishi, Yakobo aliponijia, nilimwambia mbele za watu, "Umepeleka kijiko kwa watu wote, mama yako umempa machela." Akajibu, "Kweli, mdogo wangu."

Tangu hapo nilimwamkia kwa sababu ni mkubwa wangu. Shikamoo, basi. Yeye aliandika barua ofisi hii na ile kuomba mtambo. Na kila Julai, likizo yake yote, alikuja na sururu na jembe akachimba mwenyewe kuanzia pale kijiko kilipoishia. Mtu aliyehamisha milima kwa mitambo sita alichimba mita sitini kwa miaka saba. Nilikuwa nikimwona kutoka kwenye karoti zangu. Magdalena ndiye aliyempelekea maji. Mimi sikupeleka hata kikombe.

Februari mwaka huu wa 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa mjini Morogoro, na alivumilia maumivu bila kumsumbua mtu. Mwezi Mei alimwomba Lucy daftari na penseli za rangi, akachora ratiba ya mazishi yake. Mliyoyafuata leo ni hayo: wachimba kaburi watangulie, wapishi wafuate, jeneza lishuke garini saa nne na nusu, wabebaji wanane kwa zamu tatu. Pembeni aliandika, "Msiombe mtambo wowote. Nibebwe kama mama." Na chini kabisa, kwa rangi ya kijiko, "Anastasia asome wasifu. Aseme ukweli wa kijiko."

Lucy alinipigia simu jioni ya Jumapili, tarehe 8 Juni, akasema, "Shangazi, baba anakuulizia." Nikasema nimalize kwanza kuvuna karoti, lori la Dar linakuja Ijumaa, nitashuka Jumamosi. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi. Jumamosi niliyoipanga ndiyo leo.

Ameacha mjane, Magdalena, watoto wawili, Lucy na Ezekiel, mjukuu mmoja, na dada mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, padre wetu, majirani, na wenzake wa saiti waliopanda mlima huu kwa miguu.

Kaka aliagiza ukweli wa kijiko. Nimesema wa kwake, na wangu haujasemwa. Mama alizungumza kwenye machela. Wabebaji walikuwa wakihangaika na tope, hawakusikia; nilisikia mimi peke yangu. Alisema, "Mwambie Yakobo alifanya vema kushusha kile kijiko. Mtoto wa watu angefia humo. Mwambie asilie na barabara."

Nilikaa na maneno hayo miaka saba. Mwanzoni nilimnyima kwa hasira. Hasira ilipokwisha, niliona aibu kwamba nilichelewa, nikazidi kuchelewa. Alichimba mita zile sitini akidhani ana deni kwa mama, na mama alikwisha kumwachilia kabla gari halijaonekana. Nimemkosea kaka yangu, na kwa Magdalena na watoto naomba radhi mbele yenu wote.

Yakobo, mama anasema ulifanya vema.

Bwana amlaze mahali tambarare, karibu na mama yake.