Nondo Hawajui Mpaka

Sogeeni hapa kitandani kwangu, wanangu Odeke na Agwang, na mlango uacheni wazi majirani wasikie, maana ninalotaka kusema leo si siri tena.

Odeke, ng'ombe wote ni wako, lakini shoka lako lisiguse michungwa yangu. Najua umekwisha kupima pale iliposimama, upande pamba. Michungwa namwachia dada yako Agwang, na atakayesema mwanamke harithi mti aje aniambie mimi, ningali na pumzi.

Mnakumbuka nondo walivyotuozeshea machungwa yangali mtini, hata Luke, yule bwana shamba, akatufundisha mimi na Ekwaro wa ng'ambo ya kijito, upande wa Kenya, kumfungia nondo jike asiyejua dume katika kitundu cha waya juu ya ubao wa ulimbo. Jike huita kwa harufu tusiyoisikia sisi. Madume huja mbio wakanasa, na majike wa shambani wakabaki bila waume, mayai yao bure. Mwaka ule tulivuna, tukacheka!

Mwaka wa pili kwangu hakunasa hata mmoja. Nikasema Ekwaro amenipakia dawa ubaoni. Nikamfukuza kwenye chungu cha pombe mbele ya wazee, mrija wake wa kunywea nikautupa nje kama wa mchawi, mtu tuliyebatizwa naye siku moja. Kumbe mkosaji ni mimi. Luke alituagiza kila kifuko cha nondo asiyeanguliwa kilale peke yake katika kiberiti kitupu; mimi, kwa kubania viberiti, nikavilaza vyote katika kopo moja. Wakaanguliwa humo wakajuana, na jike aliyekwisha kupata dume haiti tena. Agwang aligundua, nami nikamwambia anyamaze. Miaka mitatu nimeona haya. Mficha uchi hazai.

Basi, Agwang mwanangu, kila kifuko na kiberiti chake. Lakini ukitega peke yako utachoka bure, kwa kuwa Ekwaro aliacha mitego tangu nilipomtukana, na majike wake huvuka kijito na mimba zao, hawaulizwi pasi.

Odeke, vuka sasa. Usitume mtu. Mwambie Ekwaro, ‘Baba yangu alikusingizia.’ Akikataa kuja, kaa mlangoni pake mpaka achoke kukutazama. Nikifa kabla... msinizike. Nasema msinizike mpaka asimame hapa, aambiwe mbele ya watu wote kwamba mimi, Ikiring, nilikosea.

Mungu awape... Agwang, niinue kidogo. Awape mikono isiyochoka, na ndimi zinazokiri mapema kuliko ulimi wangu. Odeke, bado umesimama? Nenda, baba. Nenda.