Muzee Vahwere na Ukuta wa Patron Gaspard

Tarehe 28 mwezi wa tatu, Muzee Vahwere Ephraïm anaingia pansio, anapumzika na kazi kisha miaka makumi tatu na saba ya kulinda nyumba moja tu hapa Bunia. Mimi, chauffeur wa biro hii, niliijua tangu ingali na piscine ya kuogelea. Ninasema bila kuogopa: hata Kinshasa hawakukuwa na nyumba kama ile.

Ilikuwa ya Patron Gaspard, millionaire wa kahawa na zahabu. Mimi nilimuonaka tu nyuma ya vioo vyeusi vya gari. Alilipa fundi achore jamaa yake yote ku ukuta wa salon: wamesimama kando ya ziwa kule Kasenyi, wanacheka, wanashika samaki mukubwa kuliko mutu. Ule samaki nilimukula mimi. Fundi alimupunguza ukubwa.

Mu vita ya 2003 patron alipanda mashua na jamaa yake wavuke ziwa, akamuambia Vahwere: « Nakuja. » Muzee akachanganya udongo na mavi ya ngombe, akapakaa ule ukuta wa picha wote, vile mama zetu wanapakaaka nyumba. Wanyanganyi wakabeba mabati, milango, hata choo. Ukuta wa mavi, hakuna aliyeugusa.

Kisha vita, nyumba ikakuwa biro yetu, na Muzee akaanza kusafisha ukuta. Sababu alimukumbuka patron sana, alianzia ku sura ya patron, na burosi na sabuni. Udongo ukatoka, sura nayo ikafutika. Hapo ndipo alijifunza: sponji, maji ya vuguvugu, pole pole, miaka mbili. Wengine wote wakatoka wazima. Patron iko katikati yao bila sura.

Juzi mukubwa wetu, Madame Pétronille, alitaka kumupa zawadi: Muzee aeleze ile sura, fundi aichore tena. Akakataa.

« Muache. Akirudi, fundi atamuangalia yeye mwenyewe. »

Mireille wa secrétariat akamuambia: « Papa, ni miaka makumi mbili na kitu. »

« Ziwa ni pana, mama, » akajibu, akaendelea kufagia.

Bibi hana, watoto hana. Kila asubuhi alisalimiaka watu wa ukuta, kila mutu na jina lake. Sasa anaenda Komanda, kwa Kanyere, mutoto wa dada yake.

Muzee, aksanti mingi. Tunakuombea usingizi muzuri kule, na watu wa kukuitika asubuhi. Funguo ya salon walinipa mimi. Wageni wakiuliza patron alikuwa na sura gani, nitasema sijui. Ile neno « sijui », katika maisha yangu, sijaisema bado.