Betri ya Mzee Reli

Kona ya Buruburu, ubavuni mwa kibanda cha kutengeneza redio, kuna benchi ambayo ukiikalia dakika kumi unainuka na digrii. Si ya kununua. Ni taruma, mbao nene iliyolala chini ya reli miaka arobaini, na Mzee Mulama aliileta siku aliyostaafu. Ndolo, fundi wa redio, huapa ilibebwa na wanaume kumi na wanane, na wawili kati yao hawajanyooka mgongo mpaka leo. Vikombe vya wenye benchi vimetundikwa kwa misumari kibandani, kila mtu na chake. Jua likitoka, angalia juu ya mabati: utaona betri za redio zimelala mstari kama mijusi. Zikiisha nguvu, Ndolo huzianika zipate kusukuma taarifa ya habari siku mbili tatu zaidi.

Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na sita, Mzee Mulama, ambaye kila mtu humwita Mzee Reli, alifika na mkoba wa nguo. Saa sita alitakiwa awe hospitali, kesho yake atiwe mashine ya kupigisha moyo. Wiki mbili nyuma alikuwa ameanguka kutoka benchi hiyo hiyo, kikombe mkononi, na Ndolo akadhani mzee ameenda. Daktari alimweleza kwa lugha ya kazi yake: moyo una stesheni mbili, ya juu inatuma ujumbe, ya chini haipati. Basi wataweka kidude kidogo chenye betri, kama kifuniko cha dawa ya viatu, kiwe kinapeleka ujumbe. Mzee alielewa na akakubali.

Sasa aliweka mkoba chini na kukalisha mguu wake juu yake.

— Mimi siendi.

— Aje sasa, Mzee Reli? Kitonga akauliza. Kitonga ni dereva wa lori, na hubishana akiwa amefunga macho.

— Betri ikiisha nikiwa kanisani, nani ataianika?

Ndolo alijikuna shingo. Alijua hayo maneno yametoka wapi. Siku ya Jumanne yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza mzee, kwa mapana na marefu, kwamba betri ni betri, iwe ya redio au ya kifua, na dawa yake ni jua. Ndolo hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe. Shule aliacha darasa la saba, kwa sababu, anasema, walimu walikuwa wameishiwa.

Kitonga hakungoja. Alisema si shida kubwa, kila Jumamosi watampandisha mzee kwa mabati, kifua wazi, wawe wanamgeuza kama mahindi ya kuchoma. Akaongeza kwamba Wazungu siku hizi wanachonga swichi ndogo hivi kwamba milioni moja zinakaa kwa kichwa cha chawa na nafasi ya kuegesha lori inabaki. Kidude kama hicho lazima kina rimoti. Daktari akikasirika anakubonyeza, unasimama katikati ya barabara.

Hapo Ndolo akaona anapitwa kwake nyumbani. Akasema rimoti ni mambo ya kitoto. Miaka ijayo moyo utakuwa unajipigia simu wenyewe hospitali, bila waya. Uko hapa unakunywa kahawa, daktari yuko Kanada, anakwambia punguza sukari. Na usiku kifua kitashika idhaa zote, mpaka ya Tanzania.

Kitonga alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Mzee Reli hakucheka. Alikuwa anaangalia zile betri juu ya mabati.

Ndolo aliyaona hayo macho, akaweka kikombe chini.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama hapo na redio imefungwa kwa leso, akingoja fundi amwangalie. Ndindi, mwalimu wa nasari, mgeni mtaani. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani wazee wangu. Hiyo betri, daktari alisema itakaa muda gani?

— Miaka saba, Mzee Reli akajibu. Hata nane. Wanaweka kitu kama pasi hapa juu ya shati, wanasoma imebaki ngapi. Ikikaribia kuisha wanaibadilisha.

— Sawa. Na hiyo ya moyo wako unayotembea nayo leo, alisema itafika mpaka lini?

Kitonga akafungua macho. Muuza kahawa wa kona hiyo aliinamisha birika, yakatoka matone mawili na mashapo.

Ndolo akapanda kigoda, akakusanya betri zake kwa mabati moja moja, akazitia kwenye debe la takataka.

— Mzee, ile stori ya Jumanne ilikuwa yangu tu. Sijui chochote cha kifua.

— Hiyo nilijua, Mzee Reli akasema. Lakini ulivyosema ilikuwa tamu.

Akainuka polepole, akatundika kikombe chake msumarini, akawaonya kisiguswe na mtu. Ndolo akabeba mkoba mpaka steji ya matatu, Kitonga akamshika mzee mkono. Mama Ndindi akaachiwa kibanda, ambacho Ndolo hajawahi kumwachia hata ndugu yake.

Siku kumi na mbili baadaye, Mzee Reli alikuwa amekaa kwa taruma lake, vifungo viwili vya shati wazi, uvimbe mdogo chini ya bega. Ndolo aliomba ruhusa, akainama, akaweka sikio.

— Imeshika idhaa gani? Kitonga akauliza.

Ndolo akasogeza sikio karibu zaidi.

— Inapiga, akasema. Inapiga tu.