Kawaida ya Benchi

Mkabala na geti la hospitali kuna benchi la mbao ambalo wenyewe hulikalia tangu kahawa ya kwanza mpaka buli likauke. Ukipita hapo na haraka utaitwa; ukipita na shida utashauriwa, na ushauri wenyewe Mungu akuepushie. Asubuhi hiyo Soli, fundi viatu, alikuwepo kama hayupo. Kiatu cha mteja mapajani, sindano mkononi, macho getini. Mkewe aliingizwa mle jana jioni, kifua kinambana mpaka mgongoni, na Soli alikesha sakafuni nje ya wodi. Alikuwa amechoka hoi, hata kukasirika hawezi.

— Shemeji wamemwonaje? aliuliza Breki, dereva wa malori ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake.

— Wamempima damu. Eti iko kawaida. Wanampa dawa ya kiungulia arudi nyumbani.

— Sasa umenunia nini?

— Bado kinambana, Breki. Nimemwacha anajishika hapa.

Alijigusa kifuani, lakini nani atazame? Profesa alishaweka kikombe chini. Huyu hajawahi kufundisha hata kuku. Jina alilipata kwa kukataa kushindwa.

— Tulia, Soli. Hiyo kawaida unajua ni ya nani? Yetu sisi!

Na kwa mara moja katika maisha yake alikuwa anasema kweli. Ile mashine ya kupima damu ya moyo ilipoletwa, mtu wa maabara alivuka barabara akaja benchini. Akawaeleza kwamba moyo ukiumia huvujisha vitu fulani kwenye damu, na hata moyo mzima huvujisha kidogo. Sasa ili wajue hicho kidogo ni kiasi gani, walitaka damu ya watu wenye afya. Akahangaike wapi, na benchi limejaa kila siku? Wakatolewa damu hao, na wa vijiwe vya jirani, wakanywa soda, wakarudi vifua mbele. Kwa damu yao ukachorwa mstari: aliye chini yake mzima, aliyeuvuka mgonjwa.

— Mji mzima unapimwa kwa damu hii! Profesa alijipiga mkono. Damu nzito kuliko maji. Wahenga walijua mashine inakuja.

— Mimi nasema ni kahawa, alisema Breki. Inaziba nyufa za moyo. Ndiyo maana sisi hatuvuji.

— Kahawa wapi! Ni kukaa. Moyo wa aliyekaa una wasiwasi gani? Haba na haba hujaza kibaba.

— We, kibaba kimeingiaje hapo?

— Moyo unavuja haba na haba, kibaba kikijaa, kwisha habari yako.

Breki alikuna kidevu. — Basi nikifa mimi, kawaida itapungua?

— Itabidi mji mzima upimwe upya! Ndiyo maana nasema tulindwe. Benchi hili likipata mafua tu, watu wote watakuwa wagonjwa bila kuumwa.

Muuza kahawa alicheka mpaka akajimwagia kahawa vidoleni. Soli hakucheka. Alikuwa na hofu. Damu yake nayo imo kwenye huo mstari. Siku ile ya kutolewa damu alirudi nyumbani akajisifu kwa mkewe, wakacheka wote. Alitaka sana kuamini kwamba damu yake haiwezi kumdanganya mke wake.

Hapo mkewe akatoka getini, polepole, plasta kwenye kiwiko, mkono ukitafuta ukuta.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Profesa alipaza sauti. Karibu shemeji. Usihofu, umepimwa kwa kipimo chetu.

Mke wa Soli alikaa pembeni mwa benchi, akihema. Wanaume wakasogea, wakakosa pa kuweka mikono. Hakuna aliyekumbuka mwanamke kukaa pale.

— Daktari anasema nimeukaribia sana mstari, alisema. Ila sijauvuka. Kwa hiyo mimi mzima.

— Kukaribia si kufika, alisema Profesa.

— Mliotolewa damu ni nyinyi?

— Sisi wenyewe!

— Na mwanamke alikuwepo? Hata mmoja?

Breki alimtazama Profesa. Profesa akafungua mdomo, akasema wahenga walisema, kisha wahenga wakamtupa mkono. Soli alikuwa anaikumbuka foleni ya siku ile: Breki, Profesa, muuza kahawa, vinyozi, wapiga debe wa stendi. Ndevu tupu. Kama moyo wa mwanamke mzima huvuja kidogo kuliko wa mwanamume, basi kwa mkewe kuukaribia mstari wao tayari ni kuuvuka. Akaweka kiatu chini, sindano imechomekwa hivyo hivyo, akachukua mfuko wa dawa mkononi mwa mkewe.

— Inuka, mama watoto. Tunarudi.

— Si wameshasema kawaida?

— Wapime tena. Na hilo swali lako nitawauliza mimi.

Walivuka taratibu. Katikati ya barabara mama akasimama kutafuta pumzi, magari yakaanza kupiga honi. Breki akajikongoja na magoti yake, akasimama mbele ya magari, mikono juu, akiyatukana mpaka wakafika upande wa pili.

— Mmesahau kitu? aliuliza mlinzi wa geti.

— Sisi hapana, alijibu Soli. Nyinyi ndio mmesahau. Fungua.