Safari Aliyoiweka Chini Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, mafundi wa chelezo mliokuja na ovaroli zenu bila kupitia nyumbani, na nyote mlioacha shughuli zenu kwa ajili yetu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, maana turubai halikututosha na historia hii ina urefu wake, hivyo tunawaomba vijana wawapishe wazee viti, nasi tutaisoma bila kuipamba, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Nahodha ingawa hakuwahi kuongoza hata mtumbwi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha rangi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa zamu ya usiku kiwandani hapo, na mama yetu, aliyekuwa dobi, na kwa kuwa baba alilala mchana, marehemu alijifunza mapema kutembea kwa ncha za vidole na kutunyamazisha wadogo zake kwa jicho tu, tabia ambayo dada yake anayemfuata kuzaliwa, ndiye huyu anayewasomea, anashuhudia kwamba hakuiacha hadi mwisho.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, kisha akajiunga na shule ya ufundi, alikopata cheti cha kuchomelea vyuma mwaka 1974, na alikuwa na nia ya kuendelea mbele, lakini mwezi Novemba mwaka huohuo baba alianguka kwa kiharusi, na mtoto wa kwanza, kama mjuavyo, hana pa kujificha, basi akavua sare ya shule akavaa ovaroli, wala hakuna aliyemsikia akilalamika, labda kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Aliajiriwa katika chelezo cha bandari, panapopandishwa meli kutengenezwa, tarehe 6 Januari 1975 kama fundi wa kuchomelea, akafanya kazi hapohapo hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2016, na kwa mishahara hiyo aliwasomesha wadogo zake wote wanne, akiwemo msomaji huyu, ambaye ualimu wake ulitokana na cheche za moto za kaka yake. Fundi wa chelezo huijua meli tumbo, hajui safari yake, anaipokea ikiwa imechoka, anaiziba, anaipiga rangi, inashuka majini na kwenda zake, naye anabaki kungoja nyingine, na marehemu alikuwa na mazoea ya kukwangua tope lililokauka penye mkuku, uti wa chini wa meli, akiligeuzageuza kiganjani, akiwauliza mabaharia hili jekundu mmelitoa wapi na hili jeusi mmelitoa wapi, nao wakimtajia bandari moja baada ya nyingine. Kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ile ya ndani ya matangi, mahali ambapo mtu hawezi kusimama wala kuchuchumaa, anachomelea akiwa amelala ubavu, moshi umemjaa kifuani na joto ni la tanuri, na wenzake waliompokea alipotoka humo wanasema alikuwa akijifuta jasho na kuwaambia, kwa utulivu kabisa, "Leo nimefika bandari ya saba."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mshonaji wa mapazia aliyekuwa na chumba chake cha kazi kando ya soko, mwanamke asiyepandisha sauti ila kwa cherehani yake, ambaye sisi mawifi zake tulikuja kumtafutia kasoro tukaishia kumwomba atushonee. Ni yeye aliyempa mumewe pini za kushonea mwaka 1988, pale baharia mmoja alipomwachia ramani ya pwani iliyochakaa, wakaitundika sebuleni juu ya redio, na kila jioni marehemu akawa anasogeza pini, na mpango ukawa huo, kwamba akistaafu watapanda mashua ya tanga, yeye na mkewe, wafuate pwani bandari kwa bandari bila kuipoteza nchi kavu machoni, walale wanapolala, wafike hadi kule ambako pwani inapinda, kisha warudi, mwaka mzima. Mafundi waliposikia wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakampa jina la Nahodha, lakini utani mkiurudiarudia hugeuka kuwa ahadi, na miaka ilipopita hakuna aliyecheka tena, watu wakawa wanamletea habari za pepo na mikondo kama vile safari ni ya mtaa mzima.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, mkubwa ni dereva wa lori la masafa marefu, wa pili ni binti mwenye duka la dawa, na wa mwisho ni fundi umeme, pamoja na wajukuu watano, ambao wote walifundishwa kuhesabu kwa pini za ramani ile.

Siku ya kumuaga kazini, mafundi walimpeleka kwenye kona ya chelezo, mahali palipokuwa na mashua ya chuma iliyotelekezwa na mwenye mali, wakavuta turubai, na mashua ilikuwa mpya, nyeupe na mstari wa buluu, maana kwa mwaka mzima walikuwa wakiitengeneza kwa siri baada ya kazi, na ubavuni wameandika NAHODHA kwa herufi kubwa. Kaka yetu aliiangalia, akalia, akalia sana, tukapiga vigelegele, mkewe akamshika mkono, mwanawe wa kwanza akampiga picha, na kila mtu akasema hakuna furaha inayoizidi ya mtu aliyeiona ndoto yake mchana.

Hapo ndipo ilipoanza shughuli ambayo wengi wenu mliiona na hamkuielewa. Mashua ilihamishiwa kwenye uwanja ulio wazi karibu na nyumba yake, na marehemu, ambaye maisha yake yote aliziba matundu, akaanza kuyatafuta, mara bati hili jembamba, mara usukani umekaza, mara mlingoti hauko wima, akakwangua rangi nzuri ili aone kama chini yake kuna kutu, na alipokosa kutu akasema kutu ya kweli huwa haionekani, nasi tukamsifu kwa umakini. Mkewe akashona matanga, akatoa viti vyote sebuleni ili apate pa kukunjua kitambaa, wageni tukawa tunasalimiana tumesimama, na akiwa na miaka hamsini na minane akajiandikisha kujifunza kuogelea kwenye bwawa la chuo, pamoja na watoto wa chekechea, kwa sababu hakutaka mumewe awe na hofu juu yake huko baharini. Jirani yake fundi saa, mtu mwema tunayemshukuru kwa mengi, alikuwa akifungua dirisha kila asubuhi na kumuuliza, "Nahodha, lini sasa?"

Jumamosi moja ya mwaka 2018 dada yake huyu alipita uwanjani kumpelekea chai, akasikia jenereta inanguruma na mashine ya kusagia chuma inalia, akajua kaka yuko kazini, lakini alipoinama akamkuta amelala chali chini ya mashua, kofia ya kuchomelea imemfunika uso, mikono juu ya kifua, mashine imewekwa kando inazunguka peke yake, naye anakoroma. Dada akakohoa, kofia ikainuka kidogo, marehemu akasema, "Dada yangu, usiniumbue," na alipoulizwa kwa nini asiende kulala kitandani kwake kama watu wengine, alijibu kwamba nyumbani watamuuliza lini, akaishusha tena kofia. Dada akaiacha chai kwenye ngazi akaenda zake, akidhani ni uzee.

Mwanzoni mwa mwaka 2019, kwa mapenzi mema kabisa, iliundwa kamati ya safari, yenye mwenyekiti kutoka chelezo na mweka hazina kutoka mtaani, ikamkagulia mashua, ikaona haina tundu hata moja, ikapanga tarehe ya kuishusha majini kuwa Jumamosi ya tarehe 2 Februari, na ikatangaza hivyo bila kumuuliza mwenye safari, kwa kuwa nani amuulize mwenye njaa kama anataka kula. Jumapili ya tarehe 13 Januari, mchana, mkewe akiwa anakunja nguo za safari mezani, marehemu alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamwambia, "Mke wangu, mimi sitaki kwenda." Wifi yetu ameturuhusu tuseme alichojibu, naye alisema, "Ungeniambia mapema, nisingejifunza kuogelea uzeeni na vitoto vinanimwagia maji," akaanza kucheka, akacheka hadi akalia, kwa sababu yeye naye hakuitaka safari hiyo hata siku moja, bahari inamtisha tangu utotoni, alikuwa akienda kwa ajili ya mume, na mume alikuwa akienda kwa ajili ya chelezo na mtaa na watoto.

Walikubaliana watawaambia watu taratibu, lakini hawakuwahi, maana tarehe 22 Januari marehemu alibanwa na kifua, akapelekwa hospitali, na madaktari wakagundua kwamba mapafu yake yamejaa makovu ya moshi wa miaka mingi, wakamweleza bila kumficha kwamba makovu hayo hayaondoki. Ugonjwa ukawa umeizuia safari kabla hajasema mwenyewe kwamba haitaki, na hilo lilimuuma kuliko kikohozi, kwa kuwa kila aliyekuja kumwona alimwambia ukipona utakwenda, wengine wakamletea dira, mmoja akamletea jaketi la kuokolea maisha, na binti yake, kwa kumpenda baba, akaibandua ramani ya sebuleni akaitundika ukutani mbele ya kitanda chake cha wodini ili impe matumaini. Marehemu alimshukuru binti yake, akangoja aondoke, akamwomba muuguzi amgeuzie kitanda kielekee dirishani, ambako kulionekana ua wa kuanikia mashuka, basi, na akasema hapo panatosha.

Mwishoni mwa Mei alimwita dada yake, akamketisha, akazungumza kwa kukatakata pumzi, na maneno yake ni haya. "Nikifa watasema nimekufa na hamu yangu. Mimi sina hamu, dada. Ile safari ilikuwa ya kunitoa mle tangini, na ilinitoa, kila siku ilinitoa, mpaka nikastaafu. Nilipotoka nilitaka kukaa tu. Uwaambie wasinionee huruma kwa kitu nilichokiweka chini mwenyewe, na uwaambie nimechoka, lakini si kwa hasira." Dada akamuuliza mbona hakusema siku ile turubai lilipovutwa, akajibu kwamba wangapi humu duniani wametengenezewa mashua na wenzao, ungewaambiaje.

Hali yake ilibadilika tarehe 9 Juni, akawekewa hewa, na Jumanne ya tarehe 11 Juni 2019, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkewe akiwa amemshika mkono, Mwenyezi Mungu alimchukua, na ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo wanne.

Ndugu zetu, jana jioni wenzake wa chelezo, wakiongozwa na mwanawe wa kwanza ambaye tayari ameomba likizo kazini, walileta kwa familia wazo la kuishusha mashua majini baada ya mazishi na kuifuata pwani yote kwa niaba yake, picha yake ikiwa imefungwa mlingotini, ili ndoto yake isife naye. Wazo hilo lilitoka moyoni na wengi wetu tulilipokea kwa machozi, kijana amempoteza baba na anatafuta jambo la kumfanyia, tunamwelewa, lakini mjane alisimama, yeye asiyepandisha sauti, akasema, "Mwacheni mume wangu akae," na ndipo dada alipowaeleza haya mliyoyasikia, na kijana akatoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu, akarudi, akasema sawa shangazi, soma. Hivyo familia inawaomba, kwa heshima zote, msiende kokote kwa niaba ya kaka yetu, mashua ni nzima na ipo, na mwenye kuipenda bahari aichukue aende kwa hamu yake mwenyewe, ila jina la ubavuni alifute kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya vifua, waliomwambia ukweli na kumgeuzia kitanda, tunawashukuru majirani, na fundi saa wa dirishani, ambaye tunamwomba asijilaumu, kwani aliuliza kwa upendo, na tunawashukuru mafundi wa chelezo, ambao marehemu alisema tuwaambie kwamba alilia kwa sababu hajawahi kupendwa hivyo na watu wengi kwa wakati mmoja, na kwamba zawadi ile ilikuwa nzuri, isipokuwa ilimkuta hana nguvu ya kuibeba.

Kaka yetu, ulitubeba tangu tukiwa wadogo, nasi hatukuwahi kukuuliza kama umechoka. Tumesikia sasa. Pumzika kwa amani, hakuna kokote unakotakiwa kwenda.