Shangazi Mkasi na Tezi Iliyokimbia Kuliko Cherehani

Katika karakana hii ya sare hakuna anayeandika kunishinda mimi, mpiga pasi, na pasi yangu ikishika moto inanyoosha hata uso wa meneja. Shule niliiacha mapema, ikabaki inanililia. Ndiyo maana nimekabidhiwa kumuaga mkata vitambaa wetu, Shangazi Mkasi, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi.

Alianza kwa kushona vifungo, akapanda hadi meza kubwa ya kukatia. Sare za manesi, walinzi na wanafunzi zimepita chini ya mkasi wake, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa mguu mmoja wa suruali ni mrefu, ila dereva wetu, na yeye miguu yake ndiyo haijalingana.

Kisha ukaja mwaka wa maajabu. Shangazi akawa anafanya kazi ya watu wawili. Anakula sahani mbili na bado anakonda, sketi anaikaza kwa pini. Sisi tunaona baridi, yeye jasho linamtiririka na feni haachii. Akikuambia sogea, usiposogea unasogezwa. Nasi, kwa akili zetu nyingi, tukampa kombe la mfanyakazi hodari, tukapiga na vigelegele.

Lakini mikono ikaanza kutetemeka. Siku alipopindisha kola za shule nzima, meneja akataka kumhamishia stoo. Kwa mkata vitambaa, kupelekwa stoo ni kuzikwa mzima. Binti yake akamburuta hospitali. Vipimo vya damu vikaonyesha kuwa tezi ya shingoni, ile inayopanga mwendo wa mwili, inamwaga homoni kupita kiasi. Daktari akaeleza kuwa kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiichochea. Kwa wengine huwa ni vinundu kwenye tezi. Mlinzi wetu aliposikia habari za tezi akashangaa, akidhani hayo ni maradhi ya wanaume peke yao. Tulimsamehe.

Akapewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kupunguza kasi ya moyo. Akaambiwa vikishindwa, ipo dawa ya iodini yenye mionzi, au upasuaji. Havikushindwa. Alivimeza bila kuruka, akapimwa damu kila alipoitwa, na mikono ikatulia. Aliporudi mezani alikata koti la meneja bila kuchora chaki, mbele ya meneja mwenyewe aliyekuwa amebana pumzi. Nililipiga pasi mimi. Ndiyo maana lilipendeza.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Pumzika, ule vizuri, uishi siku nyingi zenye furaha. Wapo watakaouliza kwa nini unaondoka miaka minne kabla ya wakati. Nitawajibu kwa niaba ya wote: tezi ilitulia, mikono ikarudi, ila moyo ulikuwa umekimbizwa muda mrefu mno, na mpaka leo mapigo yake hayajakaa sawa. Hilo ndilo lililoharibika, na liliharibika mbele ya macho yetu sote.