Bangili ya Sauti

Gari la Bi Khole lilikuwa gereji Wadi Kabir, ndiyo maana siku hiyo alipanda basi dogo pamoja nasi Waswahili wa huku Uarabuni kwenda Qurum. Mkononi alishika sidii mpya ya nyimbo za filamu ya zamani ya Kimarekani, zilizosafishwa hata mikwaruzo ikatoka. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, basi akampa jirani yake wa kiti, Jerusha, Mkenya anayefanya kazi hotelini, amsomee.

Jerusha akasoma, akasita. "Mama, wanasema huyu dada wa kwenye picha hakuimba. Alikuwa anachezesha mdomo tu. Sauti ni ya mwingine."

"Astaghfirullah! Mwingine nani? Mie nilimwona kwa macho yangu, Unguja, siku ya sinema ya wanawake peke yao! Nilivua bangili ya dhahabu nikenda kumtunza, nikaiweka mbele ya pazia!"

Basi zima likageuka. Kumtunza mwimbaji wa taarabu kwa pesa au dhahabu ni ada yetu. Kulitunza pazia la sinema sijapata kusikia.

"Lakini si alicheza vizuri?" Jerusha akauliza.

"Bangili ilikuwa ya sauti, mwanangu! Nilipigwa nyumbani kwa ajili ya sauti ile!" Akakigonga kijitabu kwa kidole. "Haya, nisomee jina la aliyeimba. Nnataka kulijua kabla sijafa."

Jerusha alikipekua kijitabu mbele na nyuma, mara mbili. "Halipo, mama. Wameandika tu, 'mwimbaji wa studio.'"

Dereva akasimama Qurum, akapiga honi. Hakuna aliyeshuka.